Sukari ya Kupigia Picha na Sukari ya Kusafishia Maji: Tuulize Kwanza Kazi Yake

Neno "sukari" limebeba mizigo mingi katika nyumba zetu. Ni jina la kitu cha kuweka kwenye chai, na ni jina la ugonjwa pia. Mtu akisema, "Mama ana sukari," hakuna anayedhani kwamba mama amenunua kilo moja dukani. Siku hizi neno hilo limeongezewa mizigo mingine miwili. Wa kwanza unatoka hospitalini: mgonjwa wa kansa anaambiwa kwamba atachomwa sindano ya sukari yenye mionzi ili apigwe picha, naye anarudi nyumbani na hofu mbili, ya mionzi na ya sukari yenyewe. Wa pili unatoka kwa wauzaji na katika habari zinazotumwa kwenye simu, kwamba maji yanaweza kusafishwa kwa vitu vya ukoo wa sukari, kwa magamba ya kaa, hata kwa bamia.

Habari zote mbili zina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba familia nyingi huishia kwenye jina. Wenye hofu wanamnyima mgonjwa chakula. Wenye tamaa wanauza ng'ombe kununua kitu ambacho hakitawasaidia. Maoni yangu ni kwamba tusiulize kama kitu hiki ni sukari au si sukari. Tuulize kinafanya kazi gani, kwa nani, na wakati gani.

Wazazi mmekwisha kuona jambo hili, ila pengine hamkulitazama hivyo. Mtoto anapoharisha tunamtengenezea maji ya chumvi na sukari: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita vya kufuta, chumvi nusu kijiko. Sukari ile haiwekwi ili mtoto apende kinywaji. Ukuta wa utumbo una vilango vidogo vinavyopitisha chumvi na glukosi kwa pamoja, na maji yanafuata nyuma. Ukiondoa sukari, chumvi inapita kwa shida, na maji yanaendelea kutoka. Basi sukari ni mfungua mlango, na mlango huo umeokoa watoto wengi mno duniani.

Tukumbuke pia kwamba sukari ni ukoo mkubwa. Glukosi ni ile iliyo katika damu yetu. Wanga wa ugali na mihogo ni glukosi nyingi zilizoshikana kama shanga katika uzi. Pamba, karatasi na mabua ya mahindi yana selulosi, ambayo nayo ni glukosi zile zile, ila zimeshikana kwa namna nyingine. Ndiyo maana ng'ombe anashiba mabua na sisi hatuwezi. Magamba ya kamba na kaa yana kitini (si kile kitini cha semina), nacho ni mnyororo wa ukoo huo huo. Badiliko dogo tu katika molekuli, yaani kile kipande kidogo kabisa cha kitu, huleta kazi nyingine kabisa.

SUKARI INAYONASWA

Kipimo ninachokizungumzia kinaitwa PET. Dawa yake inaitwa fluorodeoksiglukosi, kwa kifupi FDG. Ni glukosi ambayo sehemu yake moja imeondolewa na mahali pake pamewekwa atomu ya florini yenye mionzi, inayoitwa florini 18. Seli za mwili haziitambui tofauti hiyo mlangoni. Zinaipokea kama glukosi nyingine, zinaipitisha ndani na kuanza kuiandaa ili iwe nguvu. Hatua ya kwanza ikiisha kazi inakwama, kwa kuwa ile sehemu iliyoondolewa ndiyo inayohitajika katika hatua inayofuata. Kurudi nje nako ni shida. FDG inabaki imenaswa kama samaki ndani ya dema.

Seli nyingi za kansa hula glukosi kwa pupa kuliko majirani zake. Jambo hili Mjerumani Otto Warburg alilieleza tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo zinanasa FDG nyingi zaidi. Florini ile inapochakaa hutoa miali miwili inayokimbia kila mmoja upande wake, na mashine yenye umbo la pete kubwa inaipokea na kuchora mahali ilipotokea. Daktari anaona mwili mzima na sehemu zinazong'aa. Kisha florini iliyochakaa inageuka kuwa oksijeni, na ile sukari ya kubuni inakuwa glukosi ya kawaida, ambayo mwili unaitumia kama ile iliyotoka kwenye uji. Kwangu mimi hilo ni moja ya mambo mazuri kabisa katika utabibu wote.

Ilianza hivi. Mwaka 1968 wanakemia wa Prague walitengeneza glukosi yenye florini isiyo na mionzi. Katika miaka ya 1970 Tatsuo Ido kutoka Japani, akifanya kazi na Alfred Wolf na Joanna Fowler katika maabara ya Brookhaven karibu na New York, akafaulu kuitengeneza yenye mionzi. Mwezi Agosti 1976 dawa hiyo ilirushwa kwa ndege mpaka Philadelphia, na Abass Alavi akawachoma watu wawili wenye afya waliojitolea. Picha za kwanza zilikuwa za ubongo.

Haraka ile ya ndege ilikuwa na sababu, na sababu hiyo inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki mpaka leo. Florini 18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Ukiwa na kipimo kimoja saa mbili asubuhi, kabla ya saa nne imebaki nusu, na kabla ya saa sita imebaki robo. Haiwekwi kwenye stoo ya dawa ikangoja wagonjwa. Lazima itengenezwe karibu, kwa mashine kubwa iitwayo saiklotroni, na itumike siku hiyo hiyo. Ndiyo maana kwa miaka mingi wagonjwa wetu wenye uwezo walipelekwa India. Mwaka 2018 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Nairobi ilifungua huduma hii pamoja na saiklotroni yake, na baadaye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafuata.

Sasa tuziangalie zile hofu mbili. Hofu ya sukari haina msingi: FDG inayochomwa ni kidogo mno, haifiki hata punje moja ya sukari ya mezani, wala haiwezi kumpandisha mgonjwa wa kisukari. Hofu ya mionzi ina msingi wake, ila ina kipimo. Mionzi ipo, na haifai kupigwa picha hii kwa kujaribu tu. Lakini baada ya siku nzima florini iliyobaki ni chini ya sehemu moja katika 8,000, na sehemu yake hutoka mapema kwa mkojo. Mgonjwa ataambiwa anywe maji mengi, na kwa saa chache asikae karibu sana na mama mjamzito au asipakate mtoto mchanga. Mama anayenyonyesha aseme mapema, kabla ya sindano.

Maandalizi nayo yana sababu zake, na familia ikizijua itamsaidia mgonjwa. Anafunga kula kwa saa nne mpaka sita, kwa sababu glukosi ya chakula itagombania mlango na FDG. Maji matupu anaruhusiwa; chai yenye sukari hapana, hata kikombe kimoja. Damu yake itapimwa sukari kwanza, na ikiwa imepanda sana picha itaahirishwa. Mwenye kisukari aeleze dawa zake zote siku anapopewa tarehe, kwa maana insulini ikichomwa karibu na kipimo inaisukuma FDG kwenye misuli na picha inaharibika. Wala asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Baada ya sindano atatulia kama saa moja, bila kutembea, na afunikwe asisikie baridi. Dada anayetaka kumliwaza kwa mazungumzo marefu amngojee nje. Misuli inayofanya kazi inakula sukari, na ile ya koo ikila, daktari anaweza kuona kitu kisichokuwapo.

MGONJWA ASINYIMWE CHAKULA

Hapa ndipo penye jambo linaloniuma. Habari ya kwamba kansa hula glukosi kwa pupa imetoka kwenye vitabu vya madaktari, ikaingia mitaani na kugeuka kuwa amri: "Usimpe sukari, usimpe ugali, usimpe ndizi wala embe, utailisha kansa." Mgonjwa aliyekwisha kudhoofika anapewa maji ya majani machungu wiki nzima. Watu wa nyumbani wanafanya hivyo kwa upendo, na wanaamini wanaiua kansa kwa njaa.

Haifi. Mwili hauruhusu damu iishiwe glukosi, kwa kuwa ubongo hauwezi kukaa bila hiyo. Mtu asipokula, ini linatengeneza glukosi kutoka katika misuli yake mwenyewe. Kwa hiyo kansa inaendelea kupata chakula chake, na mgonjwa ndiye anayeliwa. Anapofika siku ya dawa za kansa uzito umeshuka, na daktari analazimika kupunguza dawa au kuahirisha. Aliyeuliza, "Mbona amekonda hivi?" anajibiwa kwamba ni ugonjwa, kumbe nusu yake ni sisi.

Sisemi kwamba soda ni dawa. Unene wa kupita kiasi unaongeza hatari ya aina kadhaa za kansa, na kreti ya soda kila sherehe haitusaidii. Lakini mgonjwa anayetibiwa anahitaji uji mzito, maharage, samaki, mayai, matunda, na mafuta kidogo, kadiri anavyoweza kumeza. Mlo wa mwenye kisukari na kansa kwa pamoja upangwe na daktari wake, wala usipangwe na jirani.

Jambo la pili ni fedha. Picha hii ni ghali, na kwa mtu wa Songea au Bukoba kuna nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza. Nimeona jumuiya zikichangishana kwa moyo mkubwa, na moyo huo nausifu. Nashauri tu kwamba kabla ya kuuza shamba, ndugu wawili waende na mgonjwa kwa daktari wa kansa, awe Bugando, KCMC au Ocean Road, wamwulize: "Daktari, picha hii ikionyesha hivi au vile, matibabu yatabadilika?" Kama jibu ni ndiyo, kwa mfano katika kansa za tezi za limfu ambako picha huonyesha kama dawa zimefanya kazi, basi mchango una maana. Kama jibu ni kwamba matibabu yatakuwa yale yale, fedha hiyo ikamnunulie chakula, dawa za maumivu na nauli ya mionzi ya matibabu.

Tena picha inayong'aa si hukumu. Kifua kikuu kinang'aa. Jipu linang'aa, na kidonda cha operesheni kinang'aa. Ubongo unang'aa siku zote, maana chakula chake ni glukosi. Katika nchi kama zetu zenye kifua kikuu kingi, daktari mwangalifu atakata kinyama na kukipeleka maabara kabla ya kusema neno kansa. Na kuna kansa zinazojificha, kama nyingi za tezi dume, ambazo hazina pupa ya glukosi.

Akina mama nao wasingoje mashine ya Nairobi. Dalili za awali za kansa ya mlango wa kizazi hutafutwa kwa siki, ile ya jikoni iliyopunguzwa makali, katika vituo vingi vya afya, na majibu hutolewa hapo hapo.

FDG si mwenyewe tu katika ukoo huu. Kuna dekstrani, mnyororo wa glukosi unaotengenezwa na bakteria wanaokula sukari ya miwa. Chembe za chuma zilizofunikwa kwa dekstrani zimetumika katika picha za mashine ya sumaku. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya tilmanocept, dekstrani iliyopachikwa sukari ya manosi, kwa ajili ya kutafuta tezi ya kwanza ambayo kansa ya ziwa ingeweza kuipitia. Daktari akiipata hiyo na kuikuta safi, hana haja ya kukomba tezi zote za kwapa, na mama anaokolewa na uvimbe wa mkono wa maisha yote.

MAJI, NGATA NA MAGAMBA YA KAMBA

Tuje kwenye maji. Magamba ya kamba na kaa yakichemshwa katika magadi makali, kitini yake inageuka kuwa kitosani. Kitosani ina chaji chanya, na uchafu mwingi unaoelea katika maji ya mto una chaji hasi. Vinavutana, uchafu unashikana mabonge na kuzama, kama inavyofanya shabu. Inatumika katika mabwawa ya kuogelea na katika baadhi ya mitambo ya maji machafu. Ni kitu kizuri, kinaoza chenyewe, na kinatokana na takataka za wavuvi. Sisi wenye pwani ndefu tunayatupa magamba hayo, na nadhani vyuo vyetu vingefanya vema kulitazama jambo hilo kwa macho ya biashara.

Nyingine inaitwa siklodekstrini, nayo Mfaransa Antoine Villiers aliigundua mwaka 1891. Ni wanga uliokatwa na vimeng'enya vya bakteria, ukafungwa kuwa pete ya glukosi sita, saba au nane. Mwone mama aliyebeba ndoo kichwani: pete ile ndogo ya kitambaa chini ya ndoo, ngata, ndiyo sura yake. Nje ya pete panapenda maji. Ndani ya tundu panapenda vitu vya asili ya mafuta, na vitu hivyo vikipita majini vinaingia humo na kukaa. Mwaka 2016 William Dichtel na wenzake huko Marekani walichapisha katika jarida la Nature habari za siklodekstrini zilizounganishwa zikawa unga wenye vitundu vingi. Unga huo ulinasa mabaki ya viuatilifu, dawa za binadamu na kemikali za plastiki kwa kasi kuliko mkaa wa kuchujia, ukasuuzwa na kutumika tena. Ni habari kubwa kwa miji yenye viwanda, na hata kwa mashamba yetu yanayopuliziwa dawa juu ya chemchemi.

Na bamia? Ute wake ni minyororo mirefu ya sukari, na wa uwatu vivyo hivyo. Mwaka 2025 Rajani Srinivasan na wenzake wa Texas walieleza kwamba unga uliotolewa katika ute huo ulinasa sehemu kubwa ya chembe za plastiki zilizomo majini, na katika majaribio mengine ilifika asilimia 90. Mama asitumbukize bamia kwenye mtungi kwa sababu hiyo. Kilichopimwa ni unga uliotayarishwa maabara, na kilichonaswa ni plastiki. Kipindupindu hakikuwamo katika hesabu.

Neno hilo nalisisitiza. Maji kuwa meupe si maji kuwa salama. Kitosani, shabu na mbegu za mlonge (ambazo kazi yake hufanywa na protini, si sukari) huyapunguza matope na vijidudu vingi, lakini vinavyobaki vinatosha kumlaza mtoto. Maji yakishatulia yamiminwe, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, au dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Kuchemsha nako kuna mipaka: hakuondoi viuatilifu, wala hakuondoi floridi.

Wasomaji wa Arusha na Meru wataniuliza kuhusu hiyo floridi, inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na kupinda mifupa. Ni jamaa wa florini ile ya kupigia picha, lakini ile ya hospitali ni ya saa chache na ni kidogo mno, na hii ya kisima inanywewa kila siku kwa miaka. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ukiyachemsha maji hayo yanapungua, na floridi inabaki ndani ikiwa nzito zaidi. Pete ya siklodekstrini haiinasi, kwa sababu floridi si kitu cha mafuta. Kitosani iliyochanganywa na madini imejaribiwa maabara, lakini katika vijiji vyetu njia iliyozoeleka ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi.

Kwa hiyo parokia inayotaka kununua mtambo wa kuchuja maji kwa ajili ya shule au zahanati isianze na muuzaji. Ianze na maabara ya maji ya serikali iliyo karibu, ichukue chupa na maelekezo yao, ipeleke maji ya kisima siku hiyo hiyo yalipotekwa, na ipewe karatasi inayosema ndani yake mna nini: matope, vijidudu, floridi au viuatilifu. Muuzaji akija na unga wake wa kamba au wa wanga, aonyeshwe karatasi hiyo, naye aonyeshe kwa maandishi ni kipi kati ya hivyo ambacho unga wake unakiondoa, na baada ya ndoo ngapi unahitaji kubadilishwa.